Kabla ya Kutuma Taa Kambini

Kigoma iko ukingoni kabisa mwa magharibi ya Tanzania, kwa hiyo jua lake huchelewa kuliko la Dar es Salaam. Mwaka mzima huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Machweo yenyewe ni mafupi. Dakika ishirini baada ya jua kuzama, aliye njiani bila taa anatembea kwa kupapasa, na giza hilo litakaa hadi kuche.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, shughuli nyingi za mwanamke zinaangukia ndani ya saa hizo. Mtoto anaharisha saa nane usiku na lazima apelekwe chooni. Binti yuko kwenye siku zake na anataka kufua vitambaa wakati hakuna anayemtazama. Uji wa asubuhi unadai moto uwashwe kabla hakujapambazuka. Mwanafunzi wa darasa la mtihani ana daftari la kusoma, na mchana wote alikuwa kwenye foleni ya maji.

Kambi hiyo ilifunguliwa Novemba 1996 kuwapokea waliokimbia vita katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire, wengi wao wakitoka Kivu Kusini, na kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi. Wako watu waliozaliwa humo ambao sasa wanalea watoto wao humohumo. Wengi wana ndugu nje: Kigoma mjini, Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya, Marekani. Hao ndugu ndio ninaowaandikia, pamoja na vikundi vya akina mama, jumuiya za makanisa na kamati za misikiti ambazo kila mara huuliza watume nini. Taa ya sola ni jibu zuri, nalisema bila wasiwasi. Lakini taa iliyochaguliwa vibaya, au iliyokabidhiwa vibaya, baada ya miezi minne huwa kopo la plastiki ambalo watoto wanachezea uani, na mwanamke uliyemkusudia anaendelea kwenda chooni gizani.

Nianze na mpaka wa taa, maana nimesikia watu wazima wakiisifu kana kwamba ni askari. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walihudumia zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wao walitoka katika kambi za waliohama makwao pembezoni mwa Goma, na wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kuni hutafutwa mchana. Mbele ya mtu mwenye bunduki porini, taa haina la kufanya, na anayegawa taa asidhani ameshamaliza kazi ya ulinzi.

Vyoo navyo vina mambo yake. Viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu, toleo la 2018, vinataka choo kimoja cha pamoja kwa watu 20, kisiwe mbali na makazi kwa zaidi ya mita 50, kiwe na kufuli kwa ndani na mwanga. Oxfam na Chuo Kikuu cha Loughborough walichunguza jambo hili katika kambi za Iraq, Nigeria na Uganda, wakachapisha matokeo yao mwaka huohuo wa 2018, na walichokikuta hakitamshangaza mama yeyote aliyewahi kuishi kambini: ukiweka taa kwenye choo kichafu kisichofungika, hofu haiondoki. Na anayefika chooni amepita njiani kwanza.

Hapo ndipo taa ya mkononi inapoishinda ya nguzoni. Inakufuata. Unaona shimo, nyoka, na yule aliyesimama kando ya njia kabla hujamfikia, ukapata nafasi ya kugeuza. Na siku ya kuhama tena, inaingia mfukoni. Mapema 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kambi za pembezoni mwa mji zilivunjwa na watu wakaondoka na walichoweza kubeba kichwani. Nguzo huwezi kuibeba kichwani.

Basi tuingie dukani. Ukishika boksi la taa, tafuta kwanza wati za paneli. Hesabu yake ni nyepesi. Wakati wa kiangazi, jua kali la kuchajia lihesabu kama saa tano kwa siku. Paneli ya nusu wati ikianikwa saa hizo tano inakusanya wati-saa mbili na nusu, na kiasi fulani kinapotea njiani, kwa hiyo unabaki na mbili hivi. Taa ndogo ikiwashwa kwa mwanga wa wastani hula kama theluthi moja ya wati. Inakupa saa sita: kuanzia saa moja jioni mpaka saa saba usiku. Hiyo inatosha kupika, kula na kusoma, na ukiiwasha kwa mwanga hafifu itabaki akiba ya kwenda nje alfajiri. Mvua za Kigoma huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo ikate hesabu hii nusu.

Sasa angalia simu. Betri ya kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe, hubeba wati-saa tatu hadi nne. Ya simu janja ya siku hizi hubeba kama kumi na tisa. Ukiona taa ya nusu wati yenye tundu la kuchajia simu, jua kwamba simu itakula mwanga wote wa usiku na bado itabaki na njaa. Kama nyumba inahitaji kuchaji simu, na nyumba nyingi zinahitaji, nunua paneli ya wati tatu hivi. Kama fedha haitoshi, chukua taa isiyo na tundu hilo kabisa. Ninashauri hivyo kwa sababu ya jambo nitakaloeleza mbele: tundu la simu ndilo linaloitoa taa mikononi mwa mwanamke.

Betri ndiyo inayokufa kwanza, kwa hiyo iulizie. Niliwahi kununua taa sokoni, boksi lake limeandikwa betri ya mAh 9,900. Ilidumu wiki tano. Nilipoifungua nikakuta betri moja ya duara, ile iitwayo 18650 kwa sababu upana wake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Betri ya ukubwa huo, hata ikitengenezwa kwa ustadi, huishia karibu mAh 3,500. Aliyeandika 9,900 alijua kwamba mnunuzi hatapima. Kwa hiyo ukikuta tarakimu ya namna hiyo, rudisha boksi mezani uondoke. Tafuta iliyoandikwa LiFePO4, lithiamu ya chuma na fosfati. Inavumilia joto, na huweza kuchajiwa mara 2,000 hivi kabla ya kuchoka, yaani kila siku kwa miaka mitano.

Kuna njia nyingine ya kujihakikishia. Mpango wa VeraSol, ambao mwaka 2020 ulichukua kazi ya kupima ubora iliyokuwa ikifanywa na Lighting Global, hupima taa za sola maabarani: kama mwanga na saa zilizoandikwa ni za kweli, kama taa inahimili kuanguka na maji, na kama mtengenezaji anatoa waranti isiyopungua mwaka mmoja. Orodha ya taa zilizofaulu iko wazi kwenye intaneti. Anayenunulia kikundi taa mia mbili bila kuitazama orodha hiyo anachezea fedha za watu. Na dukani hapohapo, iwashe taa, kisha itoe nje juani na utazame kijitaa cha chaji. Ziba paneli kwa kiganja. Kijitaa kisipobadilika, kuna kasoro.

Mlio Ulaya na Marekani, msinunue huko. Betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege na posta, mzigo unaweza kukwama, na taa ikiharibika waranti ya duka la ng'ambo haimsaidii mtu wa Kasulu. Tuma fedha kwa ndugu aliye Kigoma au Kasulu mjini anunue huko, adai risiti, aandike na jina la duka.

Umbo la taa watu hulipuuza, nami naliona ni nusu ya jambo lote. Mwanamke akienda chooni usiku ana kopo la maji mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, na kitenge cha kushikilia. Taa ataishika na nini? Chagua yenye kamba ya kuvaa shingoni au mkanda wa kichwani, yenye ndoano ya kutundikia, na swichi ambayo kidole kinaipata gizani bila kuitafuta. Iwe na mwanga wa ngazi mbili au tatu. Njiani ngazi ya chini kabisa inatosha, ikielekezwa miguuni. Ukiwasha mwanga wote, unakuwa ndani ya duara jeupe: huoni kilicho nje ya duara hilo, na aliye nje anakuona vizuri.

Jambo la kuta sitalipita haraka, kwa sababu wanawake wengi huona haya kulisema, na wanaume wanaopanga ugawaji hata haliwapitii akilini. Vyoo na mabafu mengi ya kambini, hasa yaliyojengwa kwa haraka, kuta zake ni turubai. Ukiweka taa sakafuni, mwili wako unachorwa kwenye turubai, mkubwa kuliko ulivyo, na mtu aliye nje anaona unapoinama, unapovua, unapojifuta. Wapo wanaoiacha taa nyumbani kwa ajili hiyo tu, halafu wagawaji wanashangaa kwa nini taa haitumiki. Taa ya sakafuni ndiyo mbaya kuliko zote. Ivaliwe shingoni kwa mwanga hafifu, uso wake ukitazama chini, au itundikwe juu kabisa katikati ili kivuli kianguke miguuni. Ukishaona tundu liko wapi na kwamba hakuna aliyejificha ndani, unaweza kuizima. Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kulijaribu jioni moja: mmoja ndani, wengine nje, wakielezana wanachokiona. Litawachukua robo saa. Kikundi chenye fedha kidogo kinunue pia mikeka au turubai nzito la kuzibia kuta kwa ndani.

Nimekwisha kusema kuhusu tundu la simu, sasa nieleze. Nyumba nyingi zikipata taa moja, hutokea hivi. Taa inatundikwa katikati ya nyumba. Watoto wanasoma. Baba ana mgeni. Simu mbili zimechomekwa. Mama akitaka kutoka, kuichukua taa ni kuwaacha watu sita gizani, basi anakwenda hivyohivyo, na binti yake anajifunza kwenda hivyohivyo. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kila mmoja ana haja ya kweli na taa ni moja. Wakati mwingine taa inahamia kibandani kuuzia mandazi, au inauzwa yenyewe. Usimgombeze aliyeuza taa akanunua unga. Mgawo wa chakula katika kambi za Tanzania umewahi kupunguzwa zaidi ya mara moja, na tumbo la mtoto halingoji.

Dawa yake ni kutuma mbili. Moja kubwa ya nyumba, yenye tundu la simu, ambayo haitoki. Nyingine ndogo, ya kamba, isiyochaji chochote, ambayo ni ya mama na kazi yake ni kutoka naye. Kama kuna binti aliyekwisha kuvunja ungo, naye apewe ndogo yake. Asilazimike kumwomba mtu taa na kueleza anakwenda wapi na kwa nini. Ukiwa na fedha ya taa moja kubwa yenye redio na mapambo, acha redio ununue ndogo mbili.

Halafu zungumza na mwanamume wa nyumba hiyo. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuogopa maneno, na maneno huja baadaye kwa ukali zaidi. Mpigie shemeji simu kabla taa hazijafika. Mwambie waziwazi: hii kubwa ni ya nyumba yenu wote, hii ndogo ni ya dada, kwa sababu usiku anatoka na mtoto na sisi huku hatulali tukiwaza. Ukimweleza kama mtu mwenye heshima yake, mara nyingi ndiye atakayewakemea watoto wasiichezee. Zawadi inayopenya kwa siri hadi mikononi mwa mke huweza kuleta ugomvi ndani, na ugomvi wa ndani taa haiuzuii.

Maelekezo ya kutunza yasiende kwa maandishi. Karatasi ya ndani ya boksi aghalabu huwa kwa lugha asiyoijua, na wapo wasiosoma. Mrekodie kwa sauti, kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, umtumie kwa WhatsApp ya jirani. Sema hivi, au kwa namna yako:

"Dada, siku ya kwanza taa uianike jua zima kabla hujaiwasha. Paneli itazame juu, uiinamishe kidogo tu ili maji na vumbi viteleze, maana huko jua linapita utosini. Angalia kivuli. Jani moja likifunika kona ya paneli, chaji inapungua sana. Kama paneli ina waya, anika paneli peke yake na taa uiweke kivulini, joto linaua betri. Jioni futa paneli kwa kitambaa chenye maji kidogo, usitumie mchanga wala jivu. Taa ikianza kufifia, izime, usiikamue mpaka mwisho. Usiiache wiki nyingi bila chaji hata kama huitumii. Ikilowa, ikauke kivulini kwanza ndipo uiwashe. Chora jina lako kwa msumari wa moto. Na siku ya kuanika msikae kila mtu na yake: leo wewe chunga taa tano, kesho jirani."

Hilo la mwisho nalisisitiza. Paneli huanikwa mchana, wakati mwenyewe yuko bombani au kwenye mgawo, na ndipo huibwa. Aliyeibiwa mara moja huanza kuichaji ndani, dirishani, ambako haijai hata robo.

Koroboi ikae wapi baada ya taa kufika? Iondoke ndani. Utambi wa mafuta ya taa unatoa mwanga wa lumeni kama kumi tu pamoja na moshi, na katika nyumba ya turubai au nyasi, koroboi ikipinduliwa na mtoto usiku haiunguzi nyumba moja pekee. Mwanafunzi anayesoma kwa taa ndogo ya sola anapata mwanga mara kadhaa ya huo, na macho hayamwashi.

Taa ikigoma, usiandike kwamba imekufa. Karibu kila soko la kambi lina fundi simu, na mara nyingi kilichokatika ni waya au swichi. Ndiyo maana taa iliyofungwa kwa skrubu ni bora kuliko iliyogandishwa kwa gundi. Fundi akisema betri imechoka, kuna kitu kimoja lazima akiangalie. Betri ya LiFePO4 ina volti 3.2, na ile ya lithiamu ya kawaida, kama za simu, ina volti 3.7 hivi. Hazibadilishani ovyo. Ukiweka ya 3.2 mahali palipotengenezwa kwa 3.7, chaja itaizidishia na inaweza kuvimba au kushika moto. Betri iliyochoka isitupwe motoni wala chooni. Mpe fundi, au irudi mjini na mtu.

Vikundi vinavyotaka kugawa taa nyingi vina mzigo zaidi. Kambi za Tanzania ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mtu wa nje haingii bila kibali, kwa hiyo anzeni na mkuu wa kambi na mashirika yaliyomo ndani kabla ya kununua. Halafu waulizeni wanawake wenyewe, bila waume wala viongozi kuketi katikati yao. Waulizeni njia gani inawatisha, saa ngapi, na taa wangeivaa wapi. Nimewahi kuhudhuria ugawaji mmoja ambao hayo hayakuulizwa. Ulianza saa kumi jioni, wanawake wakarudi makwao gizani wamebeba maboksi mapya yanayong'aa, kila mtu akijua wamebeba nini, na taa zenyewe hazikuwa na chaji. Gaweni asubuhi. Zifike zimechajiwa. Zitoeni nje ya boksi, na jina la mwanamke liandikwe kwenye daftari kama mwenye mali.

Kama hazitoshi wote, semeni mapema nani anaanza na kwa nini: wanawake wanaoishi peke yao, wasichana wanaolea wadogo zao, wajawazito, wenye ulemavu, na wapya waliowekwa pembeni kabisa mwa kambi ambako vyoo vingi havijajengwa. Mkinyamaza, watasema taa zimekwenda kwa ndugu wa viongozi, hata kama si kweli. Tengeni pia fungu la vipuri na la kumlipa fundi, tuseme taa kumi katika kila mia. Na sungusungu wanaozunguka usiku wapewe tochi zao, wasije wakaazima za akina mama. Wanawake wawemo katika sungusungu hao, kwa sababu yako mambo binti hatamwambia mlinzi mwanamume usiku wa manane.

Ongezeni filimbi. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, chama cha wanawake walionusurika ubakaji kiitwacho KOFAVIV kiligawa tochi na filimbi pamoja katika kambi za Port-au-Prince. Filimbi ni rahisi, haihitaji jua, na inafungwa kwenye kamba ileile ya taa. Lakini majirani wakubaliane kwanza kwamba ikilia wote wanatoka, na kwamba watoto hawaipulizi kwa mchezo. Watembee wawili wawili pale inapowezekana, hata wakiwa na taa.

Na ikitokea mtu ameshambuliwa pamoja na yote hayo, kuna saa za kuhesabu. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, yaani siku tano. Aende kituo cha afya kwanza, usiku huohuo kama kuna wa kumsindikiza. Asisubiri kesi ndipo apate dawa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya hatua inayofuata, akitaka yeye. Maneno haya yarekodiwe pia katika ile sauti unayomtumia dada yako, hata kama ni mazito kuyatamka, kwa sababu wengi hufika siku ya nne wakiwa hawajaambiwa na mtu.

Kwa hiyo mpigie simu leo, kabla ya saa moja jioni. Usimuulize anataka nini, maana atakwambia unga na sabuni, na atakuwa anasema kweli. Muulize usiku akitoka nje anatoka na nini mkononi. Kisha ukienda dukani, nunua mbili.